Wimbo wa Saa Kumi na Mbili na Robo

Redio yangu ilikufa wiki ya pili baada ya kufika Lodwar. Nilikuwa nimetoka nayo Nairobi nikiwa nimeifunga ndani ya sweta, sweta lenyewe likiwa kitu cha kipumbavu kabisa kubeba kwenda Turkana. Upepo wa alasiri uliingiza vumbi kila mahali, na vumbi likamaliza kazi ambayo barabara ya kutoka Kitale ilikuwa imeianza. Niliituma kwa fundi Kitale na lori lililokuwa likipeleka huko samaki wakavu wa Kalokol. Dereva aliapa kuirudisha baada ya majuma mawili. Nilimwona tena mara nyingi. Redio sikuiona.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na shahada mpya, cheo kidogo katika idara ya maendeleo, na rekoda ya kaseti ya serikali niliyopewa ili nikusanye maoni ya wananchi. Nilikuwa pia na maswali mengi, na hakuna aliyekuwa ameniuliza lolote kati ya hayo. Kwa nini barua za ofisi ziandikwe kwa Kiingereza wakati nusu ya waliokuwa wakiziandika hawakuelewana nacho? Maoni niliyoyakusanya yalikuwa yanakwenda wapi? Mkubwa wangu alinijibu kwamba yalikuwa yanakwenda kwenye faili. Nilipouliza faili lilikuwa linakwenda wapi, aliniangalia kwa huruma.

Jirani yangu alikuwa karani wa ofisi ya wilaya, mtu wa magharibi mwa nchi, aliyeacha mke na watoto kwao na kukaa Lodwar miaka sita. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa mbao, na yeye alikuwa na redio nzima. Jioni moja nilikwenda kwake kuomba mafuta ya taa, nikamkuta akizungusha kitufe cha masafa mafupi akitafuta stesheni ya taifa. Sindano ikapita juu ya muziki.

"Rudisha!" nikasema.

"Nirudishe nini?"

"Hapo ulipopita. Rudisha, tafadhali."

Alirudisha bila kupenda. Mtangazaji alisema kitu kwa Kifaransa, lugha nisiyoijua, lakini nilishika majina mawili ya visiwa vya Karibi niliyowahi kuyaona kwenye ramani. Kisha gitaa likaanza. Mwanzoni nilidhani ni la Kongo, lile la kuzunguka na kuzunguka bila kuchoka. Lakini ngoma zilikuwa zimeegemea upande mwingine, zikichelewa pale nilipozitarajia na kuwahi pale nisipozitarajia, na tarumbeta ziliingia kama watu waliofika kwenye arusi wakiwa tayari wanacheka. Mwimbaji aliimba kwa lugha iliyofanana na Kifaransa cha mtangazaji lakini iliyosuguliwa na kulainishwa. Nilisimama na chupa yangu ya mafuta ya taa mkononi.

Chuo kikuu nilifundishwa habari za watu waliochukuliwa kupelekwa visiwa vile. Nilijua njia za meli na bei ya sukari. Mhadhiri wetu aliwaeleza kana kwamba walikuwa magunia, na mimi nilibishana naye, lakini hata mimi niliyebishana sikuwahi kujiuliza walikuwa wakiimba nini. Sasa walikuwa mbele yangu, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa mpira. Nikaanza kujitilia shaka hapo hapo. Labda nilisikia undugu kwa sababu nilikuwa mpweke na nilitaka kuusikia. Nilitaka kusikiliza hadi mwisho ili nihakikishe.

Karani akageuza kitufe. Wimbo ukakatika katikati ya tarumbeta.

"Mbona umeutoa?"

"Saa imefika."

"Saa ya nini?"

"Matangazo ya vifo," akasema, akainama karibu na redio na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miezi mitano. Kipindi cha Kifaransa kilianza saa kumi na mbili na robo jioni, kila Alhamisi, na kila Alhamisi kilifunguliwa na wimbo ule ule. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano matangazo ya vifo yalianza kwenye stesheni ya taifa. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko dakika tano. Mtangazaji alitaja jina la wimbo, kama alilitaja, baada ya kwisha. Kwa hiyo nilikuwa na dakika tano za mwanzo, tena na tena, na sikuwa na mwisho wala jina.

Nilifanya mkataba na karani. Mimi nilileta mawe ya redio, yaani betri, naye alinipa dakika zangu tano. Mawe yakianza kuchoka aliyaanika juu ya jiwe la mlangoni mchana kutwa, kama kila mtu Lodwar alivyofanya, na kwa kweli jua lile liliyafufua kidogo. Niliuliza kwa nini jua livuruge kila kitu lakini litengeneze betri. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeona sababu ya kujua.

Nilimbembeleza pia. "Alhamisi moja tu, mzee. Moja. Waliokufa watatangazwa tena kesho asubuhi."

"Madam, wewe una watu?"

"Nina watu, ndiyo."

"Wakifa, nani atakuambia hapa?"

Akaniambia, huku akifuta vumbi kwenye redio kwa ncha ya shati, kwamba mama yake alifariki mwaka wake wa pili Lodwar. Jina lilisomwa jioni moja ambayo yeye alikuwa akisikiliza mpira. Alipata habari siku tatu baadaye kwa mfanyabiashara aliyekuwa amelisikia. Mama alikuwa ameshazikwa. Tangu siku ile hakuwa amekosa matangazo hata mara moja, na alizungusha kitufe dakika chache mapema kwa sababu stesheni ya taifa ilikuwa ngumu kuipata.

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukupunguza hasira. Kila Alhamisi nilirudi nyumbani kwangu na nusu ya wimbo kichwani, nikiunyoosha huku na huku, nikijaribu kuumalizia mwenyewe, na kila nilivyoumaliza nilijua nimeukosea.

Kisha ikaja habari kwamba bendi ingetoka Kitale kupiga Lodwar, halafu Kakuma. Ilikuwa bendi ya dansi, na mpiga gitaa wake alitoka Zaire. Onyesho la Lodwar lilifanywa ndani ya ukumbi. Maafisa walikaa viti vya mbele na wake zao, wafanyabiashara nyuma yao. Wafugaji walioshuka na mifugo yao mjini walizuiwa mlangoni na askari, eti kwa sababu ya fimbo zao, wakabaki nje wakichungulia kwenye madirisha ya waya. Kulikuwa na hotuba tatu. Bendi ilipiga nyimbo nne, zote zilizoombwa na viti vya mbele, na jenereta ikakohoa na kuzima.

Nilikasirika kwa sababu mbili, kwamba sikuusikia wimbo wangu na kwamba watu walifungiwa nje, na nilifurahi kwamba sababu ya pili ilikuwa ya heshima. Asubuhi iliyofuata niliandika barua kali ofisini. Niliuliza tamasha la wananchi linawezaje kufanywa huku wananchi wamefungiwa nje. Niliuliza kama muziki wa Afrika ni wa wenye viti. Nilipendekeza onyesho la Kakuma lifanywe mahali pa wazi, mchana, bila kizuizi. Kwa mshangao wangu, walikubali. Nadhani walikubali kwa sababu jenereta ilikuwa bado mbovu na lori la bendi lilikuwa na betri zake. Lakini mimi nilijihesabia ushindi, na niliutaja mara mbili mezani kwa chakula cha mchana.

Siku hiyo hiyo nilimkuta mpiga gitaa akinyoosha nyaya nje ya ukumbi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Nilimwimbia dakika zangu tano kwa mdomo uliofungwa, nikimpigia ngoma kwenye paja langu.

Alicheka hadi akakaa chini. "Mama yangu! Ile minaijua. Njo ya watu wa visiwa. Wewe umeisikia wapi huku kwenye mawe?"

"Kwenye redio. Mnaipiga?"

"Tunaipiga sana. Hapa hawakuiomba."

"Nami nakuomba. Ina mwisho?"

"Mwisho?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mto una maji. "Mwisho wake njo mutamu. Kuja Kakuma, dada. Nitakupigia yote."

Nilijiandikia safari ya kikazi. Sababu ya safari: kukusanya maoni ya wananchi. Nilikuwa na kaseti moja tupu iliyobaki.

Barabara ya Kakuma ilivuka mito mikavu mmoja baada ya mwingine, na gari la idara lilikwama kwenye mchanga mara tatu. Tulifika saa nane. Kakuma wakati ule ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi, misheni na zahanati, na miti ya miiba kando ya mto usio na maji. Lori la bendi lilikuwa limefunguliwa nyuma na kufanywa jukwaa. Watu walikuwa wamekuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wafugaji walikaa mbele kabisa, wanaume wazima wenye unyoya wa mbuni kwenye nywele zilizopakwa udongo, kila mmoja juu ya kigoda chake kidogo cha mbao. Niliwatazama nikajisemea, hao ndio, na wako mbele.

Karibu yangu alisimama muuguzi wa zahanati, mtu wa Turkana aliyesomea Nakuru.

"Ejok, dada," akanisalimu. "Umetuletea dansi."

"Ejok. Mbona hawapigi makofi?" Bendi ilikuwa imemaliza wimbo wa pili na kimya kilikuwa kizito hata mimi niliwaonea aibu wanamuziki.

"Makofi ya nini? Wanasikiliza."

"Wanapenda?"

"Subiri," akasema muuguzi. "Hawajajibu bado."

Sikumwuliza wangejibu vipi. Ni ajabu, maana niliuliza kila kitu kingine katika maisha yangu. Lakini mpiga gitaa alikuwa amenyoosha kidole kwangu kutoka juu ya lori na kusema kwenye maikrofoni, "Hii ni ya dada mwenye rekoda." Nikapiga magoti kwenye mchanga mbele ya kipaza sauti, nikabonyeza vitufe viwili pamoja na kuona kaseti ikizunguka.

Gitaa likaanza. Lilikuwa lenyewe. Bila mikwaruzo, bila sauti ya kwenda na kurudi kama mtu anayezama. Nilisikia nyuzi ambazo kwenye redio ya karani hazikuwahi kufika.

Ndipo mtu akasimama. Alikuwa mfugaji wa makamo, mwenye kovu refu begani. Aliingia kwenye uwazi kati ya vigoda na lori, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kuelekea mbele, akafumba macho na kuanza kuimba. Sauti yake ilikuwa kubwa. Ilitoka mahali pengine kabisa na gitaa, na ilikwenda kwa mwendo wake, na wale wengine wakamwitikia kwa mngurumo wa chini uliotikisa mchanga chini ya magoti yangu.

Niliona kaseti ikizunguka. Nilimwona akikaribia kipaza sauti. Miezi mitano ilinipanda kichwani.

"Mtoeni!" nikapiga kelele. "Mtoeni huyo, anaharibu! Askari! Atoke!"

Nilisema hivyo. Ningependa kuandika kwamba nilinong'ona, au kwamba mtu mwingine alisema. Askari wawili waliokuwa wakitafuta kazi tangu asubuhi wakamshika mikono ile ikiwa bado juu, wakaishusha na kumvuta pembeni. Hakupigana nao. Alifumbua macho na kunitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa.

Mwitikio ukakoma. Kisha wanaume wale wakasimama, kila mtu akaokota kigoda chake, na wakaondoka. Uwazi wote wa mbele ukabaki na alama ndogo za miguu ya vigoda kwenye mchanga. Walibaki wafanyabiashara, askari, watoto wachache na mimi.

Mpiga gitaa alikuwa ameacha kupiga. Aliinama kutoka kwenye lori. "Dada, mbona? Nilikuwa namufuata. Nilikuwa karibu kumupata."

"Piga tu," nikasema. "Tafadhali."

Akapiga. Walipiga wimbo wote, kuanzia mwanzo, vizuri, kama watu wanaomaliza kazi waliyolipwa. Kaseti ilizunguka. Tarumbeta zikaja, na zikapita pale ambapo karani hugeuza kitufe, zikaenda mbele. Nilisikia mwisho. Ngoma zinanyamaza moja moja hadi kunabaki gitaa na mwimbaji, na mwimbaji anarudia mstari mmoja chini chini. Ni mwisho mzuri. Nilikuwa nimepiga magoti mahali pale pale, nikingojea furaha, na haikufika.

Baadaye nilimfuata muuguzi hadi kwenye baraza la zahanati. Alikuwa akihesabu vidonge na hakuinua macho.

"Alikuwa amelewa?" nikamwuliza. Nilitumaini alikuwa amelewa.

"Hakuwa amelewa."

"Basi kwa nini aingilie wimbo wa watu?"

"Hakuingilia. Ilikuwa zamu yake." Akafunga mfuniko wa kopo. "Dada, huku mtu akiimba, anamwimba maksai wake. Yule ng'ombe anayempenda. Akimaliza, mwingine anaamka na wa kwake. Wale vijana wa lori wameimba mara mbili. Watu wameona, haya, hawa wageni wana heshima, wametuimbia ng'ombe wao. Nani atawajibu? Wakamwachia yule."

"Kwa nini yule?"

"Maksai wake amekufa. Mwezi uliopita, kwa ukame. Ile mikono ni pembe zake. Moja ilikuwa imepinda." Akainua mkono wake mwenyewe kunionyesha, akaushusha haraka. "Alikuwa hajamwimba mbele ya watu tangu afe. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Na wimbo kama ule haukatizwi. Hata adui hakatizi."

"Naweza kwenda kumwomba radhi?"

"Unaweza. Ukimpata."

Sikumpata. Nililala misheni, na asubuhi nilizunguka na muuguzi akinifasiria. Waliotusikiliza walinijibu kwa adabu. Walisema alikuwa ameondoka kabla ya jua kuwaka, akielekea Namoruputh kutafuta majani kwa mbuzi waliobaki. Niliuliza ni mwendo wa siku ngapi. Mzee mmoja akauliza nilikuwa namtakia nini tena. Muuguzi alisita kabla ya kunifasiria hilo, na mimi nilisita kabla ya kulijibu, na mwishowe dereva akapiga honi.

Ripoti yangu ya safari ile ilisema kwamba wananchi wa Kakuma hawakuwa na maoni. Iliingia kwenye faili.

Alhamisi iliyofuata karani aligonga ukuta. "Madam! Leo huji? Nimeanika mawe tangu asubuhi."

Nilikwenda na rekoda. Nikamwambia kwamba wimbo ninao, mzima, na kwamba leo hakuna haja ya stesheni ya Kifaransa. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alivuta kiti, akakunja mikono. Nilikuwa nimekusudia kuipeleka kaseti mbele kidogo kabla ya kuiwasha, kama nilivyokuwa nikifanya peke yangu siku zote zile, lakini alikuwa akinitazama, na nikaona uvivu wa kumdanganya. Nikabonyeza.

Gitaa. Kisha yule mtu na wimbo wake, karibu kuliko gitaa, na mngurumo wa wenzake. Kisha mwanamke anapiga kelele.

"Huyu ni nani?" akauliza karani.

"Mimi."

"Wewe?" Akanitazama, akaitazama rekoda. Sauti iliendelea, *atoke, atoke*. Kisha kimya, na vigoda vikigongana. "Na yule alikuwa anasema nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za maksai, na pembe iliyopinda, na kwamba hakuwa amemwimba tangu afe. Wakati nikieleza, wimbo wangu ulikuwa umeanza tena kwenye kaseti, na hakuna aliyekuwa akiusikiliza.

Nilijua alichokuwa na haki ya kuniambia. Miezi mitano nilikuwa nimemlaumu kwa kunikatia wimbo, na kila mara alikata kwa sababu aliyoitaja waziwazi.

"Kumbe alikuwa na tangazo," akasema.

Akatazama saa yake. Ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini. Akaivuta redio karibu na kuanza kuitafuta stesheni ya taifa, na mimi nikazima rekoda kabla tarumbeta hazijafika. Nilibaki pale kwenye kiti. Mtangazaji alianza kusoma majina, na wanaoachwa, na mahali pa mazishi, kwa sauti isiyoharakisha. Hakuna aliyekuwa wetu.

Kaseti bado ninayo. Wimbo wa visiwa naujua sasa hadi mwisho, na jina lake mpiga gitaa aliniandikia kwenye karatasi. Lakini wimbo wa yule mtu ninao sekunde chache tu za mwanzo. Nimempelekea muuguzi barua nikiuliza wimbo ule unaendeleaje. Alijibu kwamba hilo si jambo la kumwuliza yeye.